Tumbo Dogo Kwenye Sinia Kubwa

Mhadhara kwa wahudumu wa afya ya jamii na wakazi wa Chewele, Kaunti ya Tana River



Najua mada ya leo imewafanya baadhi yenu kuguna. Upasuaji wa kupunguza uzito, Chewele? Hapa ambapo kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, ng'ombe wakawa hawasimami mpaka wainuliwe, kisha mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024 maji yakaja yote kwa pamoja yakazoa mashamba ya kando ya mto? Mtu aliyepanga foleni ya mahindi ya msaada ana haki ya kuuliza: huyu anayelipa pesa ili ale kidogo ana shida gani? Nitaujibu mguno huo kwanza, maana ndio huohuo utakaompokea mgonjwa siku akishuka kwenye basi kutoka Nairobi.

Unene tunaouzungumzia si alama ya shibe. Mfugaji akipoteza mifugo, hapotezi mali peke yake. Hupoteza maziwa, hupoteza nyama, hupoteza na mwendo. Yule aliyekuwa akifuata ng'ombe kutwa sasa yuko Madogo, Bura au Hola, ana kibanda cha duka au anasubiri kibarua, na safari zake ni za bodaboda. Anakula kile kinachonunulika kwa pesa kidogo na kisichoharibika kwa joto: unga mweupe, mchele, tambi, sukari, mafuta ya kupikia. Chakula hicho kina nguvu nyingi na virutubishi vichache. Takwimu za kitaifa za afya, zile zinazokusanywa nyumba kwa nyumba, zilionyesha kwamba mwaka 2008–09 robo ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Kufikia 2014 walikuwa theluthi. Na nyinyi wahudumu mnajua kwamba nyumba moja inaweza kuwa na mtoto ambaye utepe wa mkono unasoma rangi nyekundu, na katika nyumba hiyohiyo nyanya yake ana presha, sukari na magoti yasiyombeba tena hadi kisimani. Wote wawili wana utapiamlo. Tofauti ni kwamba mmoja tunamhurumia na mwingine tunamcheka.

Tangu Septemba 2023, serikali ilipowagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mizani, kipimo cha presha na kipimo cha sukari, magonjwa haya yamekuwa yakionekana mapema zaidi kuliko zamani. Wengi watatibiwa kwa dawa na kubadilisha mlo. Wachache watafika pale ambapo daktari anataja kisu. Nimekuja kuzungumza juu ya hao wachache, hasa juu ya miaka inayofuata baada ya mshono kupona, kwa sababu miaka hiyo hawataiishi hospitalini. Wataiishi hapa.

Nani anafaa? Madaktari hugawanya uzito wa mtu kwa kilo kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa miaka mingi, kuanzia 1991, kiwango kilichofuatwa duniani kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango: 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari au maradhi yanayofanana nacho. Kwa mama wa kimo cha mita 1.60, 35 ni karibu kilo 90, na 40 ni kilo 102. Kwa hiyo upasuaji huu haukuwekwa kwa ajili ya bibi harusi anayetaka kuingia kwenye gauni. Na usichanganywe na ule wa kunyonya mafuta chini ya ngozi, ambao hubadilisha umbo na hautibu kisukari.

Chanzo cha upasuaji wa kupunguza uzito ni kidonda cha tumbo. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, daktari Edward Mason aliona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walipungua na wakashindwa kunenepa tena. Yeye na mwenzake Chikashi Ito walianza kuitumia njia hiyo kwa wagonjwa wanene katika miaka ya 1960. Leo aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari huondoa kiasi cha robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba wa umbo la ndizi, unaobeba karibu nusu kikombe cha chai. Katika ya pili hubakiza kifuko kidogo sana, cha vijiko vichache, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba ili chakula kipite kando ya sehemu kubwa ya njia yake ya kawaida. Hapa Kenya hufanywa katika hospitali kubwa za Nairobi. Jirani zetu Tanzania wana Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako pia huwekwa puto tumboni bila kukata. Puto hutolewa baada ya miezi michache, na asiyebadilisha mlo katika miezi hiyo hurudi alikotoka.

Mfuko mdogo ni nusu ya habari tu. Sehemu inayoondolewa katika aina ile ya kwanza ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Kwa hiyo miezi ya mwanzo mgonjwa mara nyingi hasikii njaa. Familia huona hapo ni muujiza. Mimi huona ni muda wa mkopo, kwa sababu njaa itarudi, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili, na ikirudi itamkuta na tabia alizojijengea au itamkuta hana.

Vijana wapenda mpira, mwamkumbuka Diego Maradona. Mwaka 2005 alifanyiwa upasuaji huu Cartagena, Colombia, akapungua hadi dunia ikashangaa. Uzito ukarudi. Mwaka 2015 alipasuliwa tena, safari hii Venezuela. Pesa hakukosa, wala madaktari. Na Wasweden, ambao kuanzia 1987 waliwafuatilia maelfu ya wagonjwa waliofanyiwa na wasiofanyiwa upasuaji, waliona jambo hilohilo kwa hesabu: waliounganishwa kifuko na utumbo walipungua theluthi ya uzito wao ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na baada ya miaka kumi walikuwa wamebaki na upungufu wa robo. Robo ni nyingi sana. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba vifo vya waliopasuliwa vilikuwa vichache kuliko vya wenzao. Lakini mtu wa kilo 120 ajue mapema kwamba hatakuwa na kilo 60, na kwamba kuongezeka kidogo baadaye hakumaanishi kwamba ameshindwa.

Sasa turudi nyumbani.

Nimeziona karatasi za mlo ambazo wagonjwa hupewa mijini. Zimeandikwa brokoli, jibini, samaki wa salmoni na unga wa protini wa kopo. Mtu wa Chewele akiisoma karatasi hiyo ataona amekatwa tumbo na kunyang'anywa chakula siku moja. Ajabu ni kwamba bonde hili la Tana lina karibu kila kitu anachohitaji, ila hakuna aliyekaa naye kumwonyesha.

Wiki mbili za mwanzo ni za vinywaji tu. Maji, supu ya kuku au ya mbuzi iliyochujwa na kuenguliwa mafuta, maziwa, uji mwepesi wa mtama au wimbi uliopita kwenye chujio. Anakunywa funda dogo dogo mchana kutwa. Wiki ya tatu na ya nne huja vyakula vilivyopondwa hadi kuwa laini: samaki aliyechemshwa akatolewa kila mwiba, kunde zilizopondwa na maji yake, yai la kuchemsha lililovurugwa na mtindi, boga. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini vya kutafuna. Kufikia miezi miwili hivi anaweza kurudi polepole kwenye chakula cha nyumba, isipokuwa kwamba kiasi chake ni vijiko vitano sita, na anavitafuna kwa muda ambao wenzake wanamaliza sahani.

Jambo la kwanza kuingia katika vijiko hivyo ni protini. Anahitaji gramu 60 hadi 80 kwa siku, la sivyo mwili utaanza kujila misuli na nywele zitapukutika. (Nywele zitapukutika kidogo hata hivyo, kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha huota. Mwambieni mapema, asije akadhani amelogwa.) Tufanye hesabu ya hapahapa. Mayai mawili yana gramu 12. Glasi mbili za maziwa, 16. Glasi ya mtindi, 8. Kipande cha kambare au tilapia cha gramu 100 kilichopikwa, kiasi cha 20. Nusu kikombe cha kunde zilizopikwa, 7. Jumla ni 63, na hatujagusa kopo lolote la duka la dawa. Maziwa ya ngamia yanafaa vilevile, mradi yachemshwe. Najua wapo watakaoniambia kwamba maziwa ya ngamia yakichemshwa yanapoteza ladha. Yanapoteza, na yanapoteza pia homa ya brusela. Maziwa yakimtia gesi na kuhara, na kwa baadhi hutokea baada ya upasuaji wa aina ile ya pili, mtindi humtulia zaidi.

Sima huja mwisho. Kwa Mpokomo wa mtoni, kama kwa mkulima aliyeletwa na mradi wa umwagiliaji wa Bura akitoka Bara, chakula ambacho hakina sima au wali hakijawa chakula. Lakini bonge la sima katika tumbo la nusu kikombe huchukua nafasi yote, hukauka, hukwama, na mgonjwa hushika kifua akaomba atapike. Mkate mweupe na nyama choma kavu hukwama hivyohivyo. Nyama na ichemshwe mpaka ilainike, na nyama kavu za nyirinyiri zingoje miezi kadhaa.

Kuna sheria moja inayowashinda watu wa joto kuliko zote: kutokunywa wakati wa kula, wala nusu saa baada yake. Kinywaji hujaza nafasi ya chakula, au husukuma chakula kiteremke kabla ya wakati. Na wakati huohuo anatakiwa anywe lita moja na nusu au zaidi kwa siku, kwa mafunda, katika mji ambao mchana wake mara nyingi hupita nyuzi 35. Hataweza kugugumia kata ya maji kama zamani, kwa hiyo kiu ikishamshika amechelewa. Dawa yake ni chupa ndogo mkononi kuanzia alfajiri, kama mtoto wa shule. Wengi wanaorudishwa hospitalini wiki za mwanzo wamekaushwa na upungufu wa maji.

Na chai. Hapa naomba mnivumilie, maana natoka katika nyumba ambayo sufuria ya chai haikuepuliwa jikoni. Chai yetu ya maziwa yenye sukari nyingi ina madhara mawili kwa mtu huyu. Sukari ikishuka ghafla katika utumbo, hasa kwa waliounganishwa kifuko na utumbo, hutokea kile ambacho mgonjwa hukieleza kuwa ni kufa na kufufuka: ndani ya nusu saa anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, tumbo linakata, anaharisha, anataka kulala chini. Wengine huipata baada ya saa moja hadi tatu, wakati huo sukari ya damu ikiwa imeanguka, nao hutetemeka na kuchanganyikiwa. Sio sumu wala sio jini. Ni mahamri mawili na kikombe cha chai. Madhara ya pili ni ya kimyakimya: majani ya chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, na chuma ndicho kitu ambacho mwili wake unakipata kwa shida. Asiachishwe chai, ataonewa. Anywe kikombe kidogo, sukari kijiko au bila, saa mbili mbali na vidonge vyake vya chuma.

Lakini yote haya ni rahisi mkiyalinganisha na sinia.

Tunakula pamoja. Sinia moja huzungukwa na watu watano sita, mkono kwa mkono, na heshima yake ni kwamba hakuna anayehesabu tonge za mwenzake. Mgeni husukumiwa nyama upande wake. Anayeinuka mapema huulizwa amekasirishwa na nani. Mwenye nyumba huona aibu sinia likibaki. Sasa mketishe hapo mtu ambaye tonge la sita litamletea maumivu. Ana mambo matatu ya kufanya: ale kwa adabu ajiumize, ajifanye mgonjwa kila siku, au aache kabisa kwenda kwenye karamu, na wengi huchagua hili la mwisho. Wanapungua mwili na wanapungukiwa na watu. Nimewaona wagonjwa waliofuata kila neno la karatasi wakaingia katika huzuni nzito mwaka wa kwanza, na chanzo kilikuwa upweke wa saa ya kula.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na ndiyo iliyonileta: upasuaji hufanyiwa mtu mmoja, lakini mlo unaofuata ni wa nyumba nzima, na nyumba ambayo haikuandaliwa itamrudisha mgonjwa wake kwenye unene au kwenye njaa. Daktari wa Nairobi anamwona mgonjwa pamoja na mume au binti mmoja. Mpishi wa nyumba haonekani, wala mama mkwe, wala shangazi ambaye kwa mapenzi kabisa atamwambia, "Mwanangu, umekwisha, kula." Hao ndio wa kuambiwa. Kabla ya safari ya kwenda kupasuliwa, mhudumu wa afya aende aketi na nyumba yote. Mgonjwa apatiwe kisahani chake, kikae kando ya sinia, naye akae mahali pake palepale, atafune polepole na kuzungumza kama watu. Mwenye nyumba atangaze mara moja kwamba huyu ana ruhusa ya kuacha. Nyumba ambazo zimefanya hivyo hazikupoteza heshima yoyote. Na habari ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, si ngeni kwa yeyote aliyekaa madrasa. Mtu huyu amelazimika kuifuata kwa mshono.

Ramadhani inastahili neno lake. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana wa saumu kwetu ni saa 13 na ushei kila mwaka, haupungui kama Ulaya wakati wa baridi. Zinabaki saa kumi na kidogo za kula, kunywa, kuswali tarawehe na kulala. Lita moja na nusu kwa mafunda, gramu 60 za protini kwa vijiko, na vidonge vya aina nne, vyote katika saa hizo. Kwa aliyepasuliwa juzi haiwezekani, na madaktari wengi humzuia kufunga mwaka wa kwanza, wengine hadi mwaka na nusu. Mgonjwa ana ruhusa katika dini, atalipa siku zake akipata afya, na kwa jambo hilo mwulizeni imamu wenu mbele ya daktari, wala msimwachie mgonjwa aamue peke yake kwa haya. Nasema kwa haya kwa sababu mwanamke anayeonekana mzima, amependeza, halafu anakunywa maji mchana wa Ramadhani, atasemwa. Anayeruhusiwa kufunga baadaye aanze futari kwa maji kidogo kidogo na supu. Tende iwe nusu au moja. Kaimati na juisi ya embe juu ya tumbo tupu ndiyo njia ya haraka ya kumwangusha kabla ya Magharibi haijaswaliwa. Daku asiikose, na iwe mayai, mtindi au samaki.

Kusemwa hakuishi na Ramadhani. Mtu aliyeondoka na kilo 115 akarudi baada ya miezi minane ana kilo 80, mashavu yameingia, ngozi ya mikono inaning'inia, atapewa ugonjwa. Mnaujua ugonjwa atakaopewa. Wapo wanaoamua kusema wazi, na wapo wanaosema walibadilisha mlo tu. Mimi sina hukumu juu ya hao wa pili. Mwili ni wao. Ila wakiwaficha jirani wasimfiche muuguzi, maana siri hii katika zahanati inaweza kuua. Dawa za maumivu za kawaida, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hapa huuzwa kama peremende, humtoboa vidonda mtu aliyeunganishwa kifuko na utumbo. Apewe paracetamoli. Mwenye kisukari dozi yake hupunguzwa kwa haraka baada ya upasuaji, wakati mwingine ndani ya siku chache. Akiendelea na dozi ya zamani kwa kuwa kadi yake imeandikwa hivyo, sukari itamshuka usiku. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri, na mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba huweza kushika upesi uzito ukishuka. Madaktari hutaka angoje mwaka hadi mwaka na nusu, na anayehitaji kinga atumie sindano, kipandikizi au kitanzi. Sigara aache, na mnazi pia, maana pombe hupanda haraka mno katika tumbo jipya na baadhi hubadilisha ulevi wa chakula kwa ulevi wa kikombe.

Kutembea kunafaa kila siku, asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Mwenye kisukari asitembee peku wala na ndala: miba ya mti wa mathenge haina huruma na mguu usiohisi.

Sasa vidonge. Multivitamini, chuma, kalisi pamoja na vitamini D, na B12 ya kidonge au ya sindano. Ni kwa maisha yote, hata kama anajisikia ana nguvu za simba. Chuma na kalisi visinywewe pamoja. Vipishane saa mbili. B12 ndiyo ya hila kuliko zote, kwa sababu ini huwa na akiba yake, kwa hiyo mtu huacha sindano na hajisikii lolote kwa mwaka mmoja au zaidi, halafu nyayo zinaanza kufa ganzi, kumbukumbu inapotea, damu inapungua, na hakuna anayehusisha na upasuaji uliokwisha kusahaulika. Mwenye kipato cha Chewele apige hesabu ya vidonge hivi kabla ya kupasuliwa. Ikiwa pesa za upasuaji zimechangwa na jamaa walio Ghuba au kwa harambee, ichangwe na ya miaka inayofuata. Kuchangia kisu na kuacha vidonge ni kumpeleka mtu nusu njia.

Na fikirini barabara. Mnakumbuka Novemba 2023 na Aprili 2024, maji yalipoifunga njia ya Garissa pale Mororo, watu wakawa wanavuka kwa mashua, na baadhi wakafa maji. Mgonjwa wa namna hii hawezi kusubiri barabara ikauke. Kila msimu wa mvua unapokaribia, awe na vidonge vya miezi mitatu nyumbani, na ajue mapema kama atakimbizwa Garissa au Hola.

Jambo la mwisho nawaambia hasa wahudumu, na wauguzi wa Bura walioko hapa. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu, awe wa mwezi jana au wa miaka kumi iliyopita, akitapika kwa siku mbili mfululizo, au akipata maumivu makali ya tumbo, homa, au moyo kwenda mbio akiwa amelala, asipewe dawa ya minyoo akaambiwa arudi kesho. Apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Anayetapika muda mrefu huishiwa vitamini B1, na akitundikiwa maji ya glukosi kabla ya kuchomwa vitamini hiyo ubongo wake unaweza kuharibika usipone. B1 kwanza, glukosi baadaye. Na kila mmoja wao abebe karatasi moja, pamoja na kitambulisho chake, iliyoandikwa aina ya upasuaji, tarehe, hospitali, nambari ya simu ya daktari, na dawa asizopaswa kupewa. Asikubali kuondoka Nairobi bila karatasi hiyo, na mkimtembelea, iombeni muione kwa macho yenu.